Foleni ya Data Ofisini: Swichi Inavyoamua Kipi Kitangulie

Mwananchi anayesubiri namba ya malipo kwenye dirisha la hospitali au halmashauri mkoani Singida huweza kuambiwa kuwa mtandao unasumbua. Si kila mara mtandao huwa umekatika. Wakati mwingine kuna foleni ndani ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo na njia ya kutokea nje.

Kila taarifa inayotumwa hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti zikiingia kwa kasi kuliko uwezo wa njia, swichi huzipanga foleni. Foleni ikijaa, zinazofuata hutupwa na kulazimika kutumwa upya. Swichi isiyopewa maelekezo huhudumia aliyetangulia kufika. Hivyo ombi dogo la malipo huweza kukaa nyuma ya nakala za mafaili makubwa zinazotumwa nje saa za kazi, mithili ya gari la wagonjwa lililo nyuma ya malori yanayopanda Mlima Sekenke wilayani Iramba.

Ufumbuzi ni kuzitia pakiti alama. Kiwango cha kimataifa cha IEEE 802.1p kinatoa ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, na swichi huziweka katika foleni tofauti kwa kufuata alama hizo. Sauti za simu na mikutano ya video hutangulizwa kwa kuwa hazivumilii kusubiri: Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Barua pepe ikichelewa sekunde tano, hakuna atakayejua.

Ugumu upo katika kuchagua, maana kila idara huona kazi yake ni ya dharura. Foleni ya juu ikihudumiwa daima kabla ya nyingine bila kikomo, zilizo chini hufa njaa. Kwa sababu hiyo wataalamu huipa foleni ya juu ukomo, na zilizobaki hugawiwa nafasi kwa uzito.

Hata hivyo, kipaumbele hakiongezi upana wa njia. Vilevile, alama zilizowekwa ofisini hazitambuliwi na mtoa huduma wa nje pasipo makubaliano naye. Ofisi ambayo foleni yake haipungui hata usiku inahitaji njia kubwa zaidi, na nakala za mafaili zihamishiwe baada ya saa za kazi.