Kadi Inayong'aa Bila Kumwaga Glita

Aliyewahi kupokea kadi ya harusi yenye glita anaijua karaha yake. Kadi inafunguliwa jioni. Asubuhi chembe ziko kwenye shuka, kwenye shavu la mtoto, kwenye koti jeusi la kwendea kazini. Kwenye kadi yenyewe, pale palipokuwa na ua la dhahabu, pamebaki doa la gundi. Wino wa glita umetengenezwa kuondoa karaha hiyo. Mng'ao umekwisha kuchanganywa na kitu cha kuushika, mtu anauandika au kuupaka, ukikauka unabaki ulipo.

Hivyo ndivyo kifungashio kinavyosema. Ukishajaribiwa mezani, wino mmoja unatofautiana sana na mwingine, na sababu ni mbili: chembe zilizomo na karatasi iliyo chini yake.

Glita ya unga inayouzwa kwenye vichupa ni plastiki: utando mwembamba wa poliesta uliopakwa alumini, kisha ukakatwa vipande vidogo, vingi vikiwa vya pembe sita. Anayetajwa sana kama mwanzilishi wake ni Henry Ruschmann, fundi mitambo wa New Jersey, Marekani, mwaka 1934. Vipande vya namna hiyo ni vikubwa mno kupenya kwenye ncha ya kalamu. Kwa hiyo wino mwingi wa kung'aa hutumia chembe ndogo zaidi, aghalabu ulanga uliosagwa ukapakwa tabaka jembamba la titani oksidi. Unene wa tabaka hilo ndio unaoamua kama jicho litaona dhahabu, waridi au bluu.

Ulanga si mgeni huku kwetu. Milima ya Uluguru, Morogoro, ilichimbwa madini hayo tangu enzi ya Wajerumani. Siku hizi jina lake limechafuka, kwa sababu katika majimbo ya Jharkhand na Bihar nchini India, na kusini mwa Madagascar, watoto wamekutwa wakiuokota na kuuchambua machimboni. Baadhi ya viwanda vimehamia ulanga wa kutengenezwa maabara, ambao pia hung'aa kwa usafi zaidi.

Chembe zikishapatikana, kazi inabaki kuzizuia zisizame. Kwenye wino mwepesi huenda chini na kutulia huko. Suluhisho lilitoka Osaka, ambako kampuni ya Sakura ilitoa kalamu ya jeli mwaka 1984. Jeli hiyo, iliyokolezwa kwa xanthan, kitu kilekile kinachozipa sosi nyingi za chupa uzito wake, hulainika goroli ya ncha inapozunguka na kushikana tena inapotulia. Chembe zinaning'inia humo zisizame. Ndiyo maana kalamu ya glita yenye jeli haihitaji kutikiswa, ila ncha yake huwa nene, na anayeandika herufi ndogondogo atazikuta zimejaa matumbo.

Karatasi nayo ina yake. Kwenye karatasi ya fotokopi ya gramu 80 wino huzama, rangi inakolea, mng'ao unafifia, na upande wa pili mistari inaonekana. Manila nyeupe ndiyo inayopokea vizuri kuliko zote za bei ya kawaida: maji ya wino yanaingia kidogo, chembe zinabaki juu zimelala bapa, na kadi ikiinamishwa taa inacheza juu ya jina. Kadi ya kung'aa, ile laini kama picha ya studio, inatoa mmetameto mkali zaidi, lakini wino unachelewa kukauka. Mkono ukipita baada ya dakika chache, jina la bibi harusi linaishia kuwa mkia.

Manila nyeusi inawadanganya wengi. Wino wa glita unaopitisha mwanga, uwe wa rangi gani, hupoteza rangi juu ya weusi na kuacha vinukta vya fedha tu. Wengine wanavipenda hivyo. Anayetaka dhahabu isomeke kuwa dhahabu atafute wino mzito usioonyesha kilicho chini, au aandike kwanza kwa kalamu nyeupe ya jeli, asubiri ikauke, kisha apitishe glita juu yake.

Kalamu za brashi ni kundi jingine. Kuretake wa Nara, Japani, waliokuwa wakitengeneza wino wa kuandikia kwa brashi tangu 1902, wanauza iitwayo Wink of Stella, na toleo lake lisilo na rangi ndilo linalofaa zaidi kwa kadi: ua lililokwisha kupigwa muhuri au kupakwa rangi linapitishiwa brashi, petali zinang'aa bila rangi kubadilika. Hapa ndipo kadi nyingi huharibikia. Brashi hiyo ina maji. Picha iliyotolewa kwenye printa ya kumwagia wino huvuja papo hapo, nyekundu inaingia kwenye nyeupe. Iliyotolewa kwenye printa ya leza, ambayo unga wake umeyeyushiwa kwenye karatasi kwa joto, haitikisiki. Afadhali kumuuliza mchapaji ametumia mashine gani kabla ya kufungua kifuniko.

Wapo pia wanaopenda wino wa chupa. J. Herbin wa Paris, nyumba iliyoanza mwaka 1670, ilizindua mfululizo wake wa maadhimisho mwaka 2010, na baadaye Diamine wa Liverpool wakafuata na rangi nyingi zaidi za kung'aa. Ni wino mzuri kwa hati za mkono, mradi chupa itikiswe kila mara na uandikwe kwa nibu ya kuchovya. Kwenye kalamu ya kujazwa wino chembe hujipanga kwenye mfereji na kuuziba, halafu kazi ya jioni inakuwa kuosha kalamu.

Asiye na hela ya hayo yote anaweza kuchanganya glita laini na gundi nyeupe ya shule. Gundi hiyo hukauka ikawa angavu, mng'ao unaonekana wote, ila karatasi nyembamba itajikunja kwa sababu ya maji. Upande huu manila haina mpinzani.

Mng'ao kwenye kadi umewahi kuwa mambo ya serikali. Mwanzoni mwa karne ya 20, Idara ya Posta ya Marekani ilikataa kupokea postikadi zenye chembe za kioo, chuma au ulanga isipokuwa zifungwe kwenye bahasha, maana zilikuwa zikiwakwaruza makarani wa kuchambua barua. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku uuzaji wa glita ya plastiki ya unga, safari hii kwa ajili ya vipande vidogo vinavyoishia mitoni na baharini.

Harusi za Dar es Salaam, wakati huohuo, zimeanza kualika kwa WhatsApp, na kadi ya simu ina glita ya kuchora isiyotikisika hata simu ikipinduliwa. Mmetameto hauingii kwenye picha. Unahitaji kadi iwe mkononi na taa iwe juu. Ndiyo sababu kamati nyingine bado zinachapa chache za wazazi, wajomba na wageni wa meza ya mbele. Kwenye hizo glita ikae kwenye majina ya maharusi na labda ua moja pembeni. Msimbo wa QR ukipakwa, kamera ya mlangoni inahangaika na mwako wake. Na kwenye kadi ya mchango, namba ya simu ya mweka hazina iandikwe kwa wino mweusi wa kawaida, asije mtu akasema hakuiona vizuri.