Paka wa bure na pesa unayopaswa kuitenga

Mtoto wa paka hatafutwi kwa shida. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ukisema tu kwamba unamtaka, jirani atakuletea. Kwa hiyo swali la kwanza, kununua au kupewa, halinisumbui: pokea wa jirani. Paka wa Kiajemi, yule wa manyoya marefu na pua bapa, bei yake ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Manyoya yanataka kuchanwa kila siku, macho yanatoka machozi ya kufutwa, na ule ubapa wa uso humpa shida ya kupumua kwenye joto la pwani. Paka wetu wa kawaida ana manyoya mafupi na anajisafisha mwenyewe.

Cha kuangalia zaidi ni umri. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, na akifika 12 ni vizuri zaidi. Anayeletwa akiwa na wiki 4 ndiye atakayekugharimu, kwa sababu atahitaji maziwa maalumu ya watoto wa paka. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuharisha kunaweza kukiua kiumbe cha nusu kilo kwa muda mfupi. Mwombe jirani akuwekee, hata kama itabidi uchangie chakula cha mama yake.

Vifaa vya dukani vingi vina mbadala. Kitanda ni boksi lenye kanga kuukuu ndani. Chombo cha kumbebea kwenda kwa daktari kinaweza kuwa tenga la kuku lililofungwa vizuri. Choo ni beseni la plastiki lenye ukingo mfupi ambao mtoto ataweza kuuruka. Penye uamuzi hasa ni kinachowekwa ndani ya beseni. Mchanga wa dukani unaoganda ukilowa unarahisisha kazi, kwani unachota bonge na uliobaki unaendelea kutumika. Lakini watoto wa paka huonja kila kitu, na mchanga huo ukimezwa unaweza kuziba utumbo. Kwa miezi minne ya kwanza tumia mchanga wa kujengea uliochekechwa, au maranda kutoka kwa fundi seremala, ila umuulize kwanza kama mbao zake zimetiwa dawa. Baada ya hapo, mwenye uwanja aendelee na mchanga wake. Anayekaa ghorofani ningemshauri alipie wa dukani, maana kupandisha ndoo za mchanga na kushusha uchafu kila siku kutamchosha, na beseni lisiposafishwa paka atahamia kwenye kapeti.

Chakula ndipo penye hesabu ya kudumu. Paka mzima wa kilo 4 hula kama gramu 55 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku. Pakiti ya kilo moja haifikishi siku 20, ilhali mfuko wa kilo 10 unakaribia miezi sita. Gawa bei kwa kilo kabla ya kuchagua. Mara nyingi mfuko mkubwa ndio nafuu. Lakini kwa unyevu wa pwani, mfuko uliofunguliwa huchacha mafuta yake, kwa hiyo uutie kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza. Chakula cha kupimiwa dukani kwenye gunia lililo wazi kina tatizo hilohilo, na huwezi kujua kilifunguliwa lini. Kinuse kabla hujalipa.

Dagaa ni msaada mkubwa: waoshe chumvi na mchanga, wachemshe bila kitunguu, na mpe pamoja na mchuzi wake, kwa kuwa baadhi ya virutubisho huingia majini. Ila dagaa na ugali peke yake havimkuzi mtoto wa paka, ambaye mwili wake umejengwa kwa kula nyama. Ningechanganya: chakula cha dukani cha watoto wa paka hadi atimize mwaka, na dagaa au kuku wa kuchemsha juu yake.

Matibabu ndiyo hayana mbadala. Chanjo ya magonjwa ya paka huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huanza karibu na miezi mitatu. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo kadhaa hupata chanjo ya bure, basi ulizia kwa afisa mifugo. Kisha kuna kufunga kizazi. Upasuaji wa dume ni mdogo na bei yake ni ya chini. Jike hufunguliwa tumbo. Mwenye mfuko mdogo achukue dume. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, naye hubeba kwa takriban siku 65, kwa hiyo ukiahirisha upasuaji utalisha ukoo mzima.

Nyumbani, ondoa sumu ya panya kabla hajaingia, kwani panya aliyeila anaweza kumuua paka pia. Acha kupiga deki kwa dawa inayogeuza maji kuwa meupe. Paka ataikanyaga, kisha alambe miguu yake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimpake kamwe, na Panadol usimpe hata kipande. Mama mjamzito asisafishe beseni, na anayelisafisha afanye hivyo kila siku. Watoto waonyeshwe kumbeba kwa mikono miwili.

Kabla ya kumwitikia jirani, piga simu kwa daktari wa mifugo aliye karibu nawe, uulize bei ya chanjo zote na ya kufunga kizazi. Kama fedha hiyo haijapatikana, tafadhali subiri mpaka uipate.