Usiifanye flashi kuwa ghala pekee la faili zako

YEYOTE aliyewahi kupiga foleni katika saiba anaifahamu hali hii. Mteja anatoa flashi mfukoni, mhudumu anaichomeka kwenye tarakilishi ili achapishe barua ya kuomba kazi, kisha ujumbe unatokea kwenye skrini kwamba kifaa hicho hakisomeki na sharti kifomatiwe kabla ya kutumika. Mteja anapoulizwa iwapo ana nakala nyingine, anatikisa kichwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa mteja huyo. Kilichopotea hakikuwa ukurasa mmoja wa barua, bali kazi ya miezi mitatu iliyokuwa ikisubiriwa chuoni siku iliyofuata. Flashi yenyewe ilikuwa ya bei nafuu. Kazi iliyokuwa ndani yake haikununulika popote.

Kosa, kusema kweli, halikuwa la kifaa. Flashi iliundwa ili ibebe faili kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Ni tarishi mwaminifu, lakini wengi wetu tumemgeuza kuwa mlinzi wa ghala, tena ghala moja tu.

Kabla ya flashi kuja, watu walibeba faili kwa diski laini, ambayo kwa kawaida haikuhifadhi zaidi ya megabaiti 1.44. Mwaka wa 2000, kampuni ya Trek 2000 ya Singapore ilianza kuuza kifaa ilichokiita ThumbDrive. Mwaka uo huo IBM iliuza DiskOnKey, iliyoundwa na kampuni ya M-Systems ya Israeli, ikiwa na nafasi ya megabaiti 8. Leo flashi ya gigabaiti 32 ni jambo la kawaida, na hiyo ni takriban mara 4,000 ya ile ya kwanza ya IBM.

Ndani ya flashi hamna kitu kinachozunguka wala kusogea. Mna kipande kidogo cha kumbukumbu, cha aina iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Kumbukumbu hiyo ina vijumba vidogo mno ambavyo huzuilia chaji ya umeme, na chaji hiyo husalia humo hata kifaa kinapochomolewa. Ndiyo sababu faili haipotei ukiiweka flashi mfukoni.

Hata hivyo, vijumba hivyo huchakaa kidogo kila vinapoandikwa na kufutwa. Aidha, chaji huweza kuvuja polepole flashi ikikaa miaka mingi bila kutumiwa. Kando ya kumbukumbu kuna kipande kingine kinachosimamia usomaji na uandikaji. Hicho kikiharibika, faili zote hazifikiki hata kama bado zimo. Flashi nyingi hufa namna hiyo, ghafla na bila kutoa onyo lolote.

Kunakili na kuchomoa

Kuhamisha faili ni kazi rahisi. Chomeka flashi kwenye tundu la USB, chagua faili unayoitaka, inakili, kisha uibandike kwenye flashi. Ni bora kunakili kuliko kukata. Ukinakili, faili ya awali husalia mahali pake. Ifute tu baada ya kuifungua ile iliyo kwenye flashi na kuhakikisha kwamba inasomeka.

Vilevile, usiandike kazi ndefu moja kwa moja kwenye flashi. Inakili kwanza kwenye tarakilishi, ifanyie kazi huko, kisha uirejeshe ukimaliza. Flashi ikiguswa na kulegea katikati ya kazi, hutapoteza kitu.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuchomoa flashi kwa pupa. Tarakilishi huweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili ilhali sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu yake ikisubiri kuandikwa. Ukichomoa wakati huo, faili hukatika. Hata orodha inayoiambia tarakilishi ni faili gani ziko wapi inaweza kuvurugika, na hapo ndipo ule ujumbe wa kufomati hutokea.

Kwenye Windows, bofya alama ya USB iliyo chini upande wa kulia, chagua kifaa chako na usubiri uambiwe kwamba ni salama kukitoa. Matoleo ya Windows yaliyotoka tangu mwishoni mwa 2018 yamepunguza hatari hiyo, kwani kwa kawaida hayalimbikizi data kabla ya kuiandika. Lakini ukichomoa flashi kunakili kukiendelea, madhara ni yale yale.

Kuna jambo jingine linalowatatiza watumiaji. Faili ya video inakataliwa ingawa flashi ina nafasi tele. Mara nyingi sababu ni kwamba flashi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Dawa yake ni kuifomati kwa mfumo wa exFAT, mradi ukumbuke kuhamisha kwanza vilivyomo, kwa kuwa kufomati hufuta kila kitu.

Virusi vya saiba

Flashi inayopita katika tarakilishi nyingi huokota mengi njiani. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka wa 2010, kilifikia mitambo ya nyuklia ya Iran ambayo haikuunganishwa na intaneti, na flashi ni mojawapo ya njia kilizotumia kusambaa.

Kinachowapata wateja wa saiba ni kidogo kuliko hicho, lakini huudhi. Unafungua flashi na kukuta folda zako zimegeuka kuwa njia za mkato. Usizibofye, kwani kubofya huenda kukakiamsha kirusi. Wala usikimbilie kufomati. Kwa kawaida faili zako zingali mle, ila zimefichwa. Kagua flashi kwa programu ya kupambana na virusi iliyo na taarifa za karibuni, kisha uamuru tarakilishi ionyeshe faili zilizofichwa.

Iwapo unakwenda saiba kuchapisha tu, beba flashi yenye faili hiyo moja pekee. Na ukiokota flashi njiani au ofisini usiyoijua mwenyewe, usiichomeke kwenye tarakilishi yako kwa kutaka kujua yaliyomo.

Siri zako na za wengine

Kifaa kidogo hupotea kwa urahisi. Jiulize nani ataisoma nakala ya kitambulisho chako, cheti cha PIN au taarifa ya benki iliyo kwenye flashi uliyoisahau kwenye matatu. Kufuta faili hakutoshi, kwa kuwa zipo programu zinazoweza kuifufua mradi nafasi yake haijaandikwa upya.

Kwa mwalimu, karani au mhudumu wa afya anayebeba majina na rekodi za watu, jambo hili linagusa sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayeshughulikia taarifa za kibinafsi za wengine kuzilinda ipasavyo. Baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker, ambayo huifunga flashi nzima kwa nenosiri. Litunze vyema nenosiri hilo, kwa sababu ukilisahau na huna ufunguo wa dharura, nawe utafungiwa nje.

Tahadhari unaponunua

Sokoni kuna flashi bandia zinazodai kuwa na nafasi kubwa ajabu kwa bei ndogo. Kipande kinachosimamia kumbukumbu huwa kimepangwa kuidanganya tarakilishi. Nafasi halisi ikijaa, faili mpya huonekana kana kwamba zimehifadhiwa, lakini hazifunguki. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi na kuisoma tena ili kubainisha ukweli. Ipime siku unayoinunua, ingali tupu.

Nakala tatu

Wataalamu wa tarakilishi hupendekeza uwe na nakala tatu za kila faili muhimu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe mahali pengine kabisa. Kwa mwanafunzi hilo si gharama kubwa. Nakala ya kwanza iwe kwenye tarakilishi, ya pili kwenye flashi, na ya tatu ujitumie kwa barua pepe au uihifadhi kwenye intaneti. Asiye na tarakilishi yake anaweza kutumia simu kwa nakala hiyo ya kwanza.

Fanya hivyo kila jioni unapomaliza kazi, wala si siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Akiba haiozi. Siku mhudumu wa saiba atakapokuuliza iwapo una nakala nyingine, uwe na jibu la kumpa.