Asili na Nakala: Maelezo juu ya Picha za Majalada ya Vitabu vya Kutisha

Maneno mawili yaliyotoka katika Kiarabu, asili na nakala, hufuatana kila mahali palipo na mswada. La kwanza lina maana ya shina au chanzo; la pili latokana na tendo la kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali. Mwanachuoni achunguzaye miswada ya tenzi ayajua vema yote mawili, kwa sababu asili ikipotea humbidi kulinganisha nakala kwa nakala, na mwisho kukisia. Swali lilo hilo limezuka katika uwanja ambao wanachuoni waliupuuza kwa muda mrefu, nao ni picha za rangi zilizochorwa kwa mkono ili ziwe majalada ya vitabu vya bei nafuu vya hadithi za kutisha, hasa huko Marekani, tangu miaka ya 1960 hata mwanzo wa miaka ya 1990. Nakala zake zilipigwa chapa kwa wingi mno. Asili zake nyingi hazijulikani zilipo. Makala haya yaeleza jinsi picha hizo zilivyofanywa, jinsi zilivyopotea, na kwa nini hasara hiyo ni hasara ya elimu wala si ya wakusanyaji wa vitu vya zamani peke yao.

Kwanza yafaa kueleza vitabu vyenyewe. Katika mwaka 1935 kampuni ya Penguin ilianza kuuza Uingereza vitabu vya jalada laini, na katika mwaka 1939 kampuni ya Pocket Books ya New York ikaanza kazi kama hiyo, bei ya kitabu ikiwa senti 25. Vitabu vya kwanza vya Penguin vilikuwa na rangi na maandishi tu, bila picha. Wamarekani walichagua picha, na sababu yake ilikuwa mahali pa kuuzia. Vitabu hivi viliwekwa katika maduka ya dawa, vibanda vya magazeti na vituo vya magari ya moshi, mahali ambapo mtu huja kwa haja nyingine kabisa. Kitabu kilikuwa na muda mfupi sana wa kumwita apitaye, na mwito wake ulikuwa jalada.

Hadithi za kutisha zilipata nguvu mpya baada ya vitabu vitatu kupendwa na wasomaji wengi: Rosemary's Baby cha Ira Levin (1967), kisha The Other cha Thomas Tryon na The Exorcist cha William Peter Blatty, vyote viwili vya mwaka 1971. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, palikuwa na wingi wa hadithi za mapenzi na hofu ambazo majalada yake yalifuata kanuni moja: mwanamke akimbia usiku, nyuma yake i nyumba kubwa yenye giza, na dirisha moja tu lina taa. Msomaji wa lugha ataona ya kuwa kanuni hii yafanya kazi kama sarufi. Mwanamke, nyumba na taa vina mahali pao; mchoraji aweza kubadili mavazi, miti na mawingu, lakini akiondoa taa ya dirishani, mnunuzi hatambui tena ni kitabu cha namna gani.

Mmoja wa waliochora majalada ya namna hiyo alikuwa Mpolandi, Jerzy Zielezinski (1914–1982), aliyejulikana Marekani kwa jina la George Ziel. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifungwa katika kambi za Wanazi, naye akachora humo aliyoyaona. Katika mwaka 1946 michoro yake ya kambini ilipigwa chapa mjini Munich. Baadaye mkono uo huo ulichora wanawake wakimbiao nyumba za giza kwa ajili ya vibanda vya magazeti. Haifai kusema ya kuwa kila jalada lake ni kumbukumbu ya kambi. Lakini yatosha kuonyesha ya kuwa kazi iliyoitwa ya sokoni aghalabu ilifanywa na watu wenye elimu na historia nzito, ingawa mnunuzi hakupewa hata majina yao.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua zake. Msimamizi wa picha katika kampuni alimwita mchoraji akampa mswada wausome, au mara nyingine maelezo mafupi tu. Mchoraji alileta vielelezo vidogo kadhaa. Kimoja kikichaguliwa, aliweza kutafuta watu wa kusimama mbele ya kamera kwa mikao aliyoitaka, akapiga picha zao, kisha akachora kwa rangi za mafuta au za akriliki juu ya ubao au karatasi nene. Kwa kawaida picha ilikuwa kubwa kuliko jalada, ambalo lilikuwa la inchi 4¼ kwa 7 hivi. Tena mchoraji alipaswa kuacha nafasi, mara nyingi sehemu ya juu, kwa jina la kitabu na la mtungaji. Ndiyo maana picha nyingi za asili, zikitazamwa peke yake, zaonekana zina anga kubwa au giza lisilo na kitu. Anga hilo si kosa la mpangilio, bali lilingojea maneno.

Picha ikiisha ilipigwa picha tena na kutengwa katika wino nne: buluu, nyekundu, manjano na nyeusi, ambazo hupigwa kwa vitone vidogo sana. Hapo ndipo tofauti ya asili na nakala huanza. Rangi ya mafuta hupakwa tabaka juu ya tabaka, na nuru hupenya tabaka za juu na kurudi. Wino wa karatasi hauwezi kufanya hivyo. Vivuli ambavyo mchoraji alivitofautisha huweza kuwa weusi mmoja. Pamoja na hayo picha hupunguzwa ukubwa na kukatwa kando, na mara nyingi sahihi ya mchoraji, iliyoandikwa pembeni, hukatwa nayo.

Mifano michache yatosha. Mapema katika miaka ya 1980 Michael Whelan alichora mbao mbili za jinamizi kwa ajili ya hadithi za H. P. Lovecraft, wachapaji wakachukua vipande mbalimbali vya mbao hizo wakavifanya majalada ya vitabu kadhaa. Mtu mwenye kitabu kimoja anacho kipande cha usemi, na aliye na vyote bado hana mpangilio wa kazi nzima. Mfano wa pili ni Flowers in the Attic cha V. C. Andrews, kilichotolewa na Pocket Books mwaka 1979. Jalada la nje lilitobolewa tundu, na kwa tundu hilo mnunuzi aliona sehemu tu ya picha iliyokuwa chini yake, kazi ya Gillian Hills. Akifunua, huiona nzima. Hapa maana haimo katika picha peke yake wala katika karatasi peke yake, bali katika tendo la kufunua. Mfano wa tatu ni 'Salem's Lot cha Stephen King katika chapa ya Signet ya mwaka 1976: uso uliofinyangwa juu ya jalada jeusi, tone moja la damu nyekundu, na mbele hapana jina la kitabu wala la mtungaji.

Je, picha za asili zilikwenda wapi? Yapaswa kutenganisha haki mbili ambazo mara nyingi zilichanganywa: haki ya kupiga chapa picha, na umiliki wa ubao wenyewe. Kampuni ilihitaji ile ya kwanza tu, lakini ubao nao mara nyingi ulibaki ghalani mwake, na baadaye ukagawiwa, ukapotea au ukatupwa, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa chombo kilichokwisha kazi. Frank Frazetta, aliyekufa mwaka 2010, alikuwa miongoni mwa waliodai kurudishiwa kazi zao. Wengi hawakuwa na nguvu ya kudai.

Jalada lililopigwa chapa nalo halikuwa salama. Kwa desturi ya biashara hiyo Marekani, muuzaji aliyeshindwa kuuza kitabu hakukirudisha kizima. Alibandua jalada akalirudisha kama ushahidi ili asamehewe deni, na kitabu kikaharibiwa. Mwisho wa kazi hii ulikuja hatua kwa hatua. Soko la hadithi za kutisha lilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miaka iyo hiyo kompyuta na picha za kamera zikaanza kuchukua mahali pa brashi.

Siku hizi thamani ya fedha imerudi, lakini kwa wachache. Katika mwaka 2023 picha ya Frazetta iliyotumiwa katika jalada la Dark Crusade cha Karl Edward Wagner (1976) iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Na katika mwaka 2003 askari wa Marekani walikuta ukutani katika nyumba moja ya Saddam Hussein mjini Baghdad picha mbili za Rowena Morrill (1944–2021), mmoja wa wanawake wa kwanza kupata sifa katika kazi hii. Mambo hayo yaonyesha ya kuwa picha hizi zaweza kusafiri mbali kuliko vitabu vyake. Hata hivyo mnada huokoa majina makubwa tu. Kwa wengine imebidi wachunguzi wasome mabaki ya sahihi na kulinganisha mikono, kazi ambayo Grady Hendrix aliiwekea msingi kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu chake Paperbacks from Hell cha mwaka 2017.

Huenda mtu akapinga, akasema ya kuwa mchoraji alikusudia jalada, basi jalada ndilo kazi kamili, na ubao ni rasimu tu. Hoja hii ina nguvu, na mfano wa tundu la Flowers in the Attic waiunga mkono. Lakini rasimu huandikwa ili irekebishwe na mwenyewe. Ubao huu ulikamilishwa na mwenyewe, ukarekebishwa na wengine. Bila asili hapana njia ya kujua lipi lilikuwa la mchoraji na lipi la msimamizi, la mkata karatasi au la wino. Bila jalada, kwa upande wa pili, hapana njia ya kujua kwa nini anga liliachwa tupu. Kwa hiyo vyote viwili ni mashahidi, na hakuna awezaye kusimama mahali pa mwenziwe.

Kutokana na hayo lapatikana jambo moja la kutendwa, nalo halihitaji fedha nyingi. Maktaba nyingi zilikuwa na desturi ya kuvua jalada laini na kulitupa kila kitabu kilipojalidiwa upya, na wenye kuandika orodha waliandika jina la mtungaji, la mchapaji na mwaka, wakaacha la mchoraji. Jalada lihifadhiwe pamoja na kitabu chake. Jina la mchoraji liandikwe likijulikana, na sahihi iliyokatwa inakiliwe kama ilivyo. Ubao ukipatikana, vipimo vyake na aina ya rangi viandikwe kando ya chapa yake. Hivyo ndivyo miswada inavyotunzwa, na picha hizi zastahili kutunzwa vivyo hivyo, maadamu wapo bado wazee waliozichora ambao waweza kuulizwa.