Virusi vinavyoua bakteria: Kwa nini bado si tiba ya kiwele cha ng'ombe

MFUGAJI wa Tinde, mkoani Shinyanga, anayeona kiwele cha ng'ombe wake kimevimba na maziwa yametoka na mabonge, hana njia nyingi. Tegemeo lake kubwa ni dawa za viuavijasumu.

Dawa hizo nazo zina mipaka. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, mmoja wa wasababishao ugonjwa wa kiwele, huweza kujificha ndani ya seli za mnyama, ambako dawa humfikia kwa shida. Zikitumiwa ovyo, bakteria hujenga usugu, na mabaki yake humfikia mnywaji wa maziwa mjini.

Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria pekee. Frederick Twort wa Uingereza alivieleza mwaka 1915, na mwaka 1917 Félix d'Hérelle, akiwa Ufaransa, akavipa jina hilo. Kirusi hujibandika juu ya bakteria, huzaliana ndani yake, kisha humpasua. Hakishambulii seli za ng'ombe wala za binadamu.

Hata hivyo, kinachofaulu maabara si lazima kifaulu zizini. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuingiza virusi hivyo katika viwele kwa siku tano mfululizo. Kati ya sehemu 18 za viwele zilizotibiwa, zilizopona ni 3 tu. Kati ya 20 zilizopewa maji ya chumvi, hakuna iliyopona. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kuwa tiba inafaa.

Kikwazo kimojawapo ni maziwa yenyewe. Protini zake hung'ang'ania juu ya bakteria na kuziba mahali ambapo kirusi kingejibandika.

Kikwazo cha pili ni uchaguzi wa virusi. Kila kirusi huua aina chache tu za bakteria, hivyo sharti maziwa yapimwe kwanza ili adui ajulikane. Kutoka Tinde hadi kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) jijini Mwanza ni zaidi ya kilometa 150, na ugonjwa haungoji. Aidha, bakteria huweza kuwa sugu hata kwa virusi, hivyo hulazimu kuchanganya vya aina kadhaa.

Jijini Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) imechunguza bakteriofaji dhidi ya Salmonella wa kuku. Lakini utumbo wa kuku si kiwele chenye maziwa, na jibu la huko haliwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa ng'ombe.

Kwa sasa, kinga ndiyo nguzo: kunawa mikono, kusafisha na kukausha chuchu kabla ya kukamua, kumkamua mgonjwa mwisho, kumaliza dozi aliyoagiza daktari wa mifugo, na kutouza maziwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kwisha.