Kilomita 12 za Bandari hadi Uwanja wa Ndege: Nani Analipia Kusubiri?

Kutoka gati la boti za Zanzibar, lililo mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere ni takribani kilomita 12. Dereva hahitaji ramani. Anatoka eneo la Bandari, anapita Gerezani, anaingia Barabara ya Nyerere pale Kamata, anapanda Daraja la Mfugale pale Tazara, na akishapita Jet amefika. Petroli inayotumika ni lita moja au mbili tu. Kwa kipimo cha umbali, basi, gari la kukodi kati ya sehemu hizi mbili ni bidhaa ndogo isiyostahili kurasa za biashara. Hata hivyo abiria wanaoshuka kwenye boti wakiwa na tiketi ya ndege mfukoni hukubali kulipa mara kadhaa ya nauli ya kawaida ya mjini, mradi gari liwe limeagizwa mapema na dereva awe anawangoja kwa jina. Wengi hulitazama jambo hili na kusema wageni wanapigwa. Wapo wanaopigwa, lakini hilo si jibu la kutosha, kwa sababu hata mfanyabiashara wa Darajani, Unguja, anayekwenda kupanda ndege ya Guangzhou, ambaye hakuna atakayemdanganya bei, naye huagiza gari kabla hajavuka bahari. Anachonunua ni uhakika wa muda. Hoja ya makala haya ni kwamba uhakika huo unauzwa kila siku bila kupangiwa bei yake, na ndiyo sababu biashara nzima imejaa manung'uniko: anayelipwa kwa ajili ya kusubiri si yule anayesubiri.

Tuanze na sababu ya uhakika huo kuwa adimu. Msafiri anayeunganisha ndege mbili kwa tiketi moja ana mtu wa kumdai. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lililomkatia tiketi ndilo linalomtafutia nafasi nyingine. Anayeunganisha boti na ndege hana wa kumdai. Kampuni ya boti imemaliza kazi yake abiria akikanyaga gati, na shirika la ndege halianzi kumtambua mpaka afike kaunta, ambayo kwa safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Katikati hapo kuna pengo lisilo na mwenyewe. Gari la kuagiza ndilo uzi unaoshona tiketi mbili zisizojuana, na mshono ukifumuka, hasara ya tiketi ya ndege inaweza kuwa kubwa kuliko nauli ya gari mara ishirini.

Pengo hilo lenyewe halina upana mmoja. Boti ya kwanza ya asubuhi kutoka Malindi, Unguja, hutia nanga Dar es Salaam mnamo saa 3, wakati msongamano wa Barabara ya Nyerere uko upande wa kuingia mjini, na anayekwenda uwanja wa ndege anakwenda kinyume na umati. Abiria wa boti ya alasiri hukuta hali nyingine kabisa. Anashuka jioni, saa ileile ambayo watu wa Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika wanarudi nyumbani, na barabara yao ni hiyohiyo ya uwanja wa ndege. Askari wa usalama barabarani akishikilia makutano kwa dakika kumi, foleni inarudi nyuma hadi Kamata. Ongeza msafara wa kiongozi kati ya uwanja wa ndege na Ikulu ya Magogoni, ambao hautangazwi kwa madereva wa kukodi, na kilomita 12 zilezile zinageuka kuwa safari ya saa moja na nusu. Ni bidhaa mbili tofauti. Kuziuza kwa bei moja, kama inavyofanyika mara nyingi, maana yake ni kwamba abiria wa asubuhi anamlipia abiria wa jioni, au dereva wa jioni anafanya kazi kwa hasara.

Kabla hata ya foleni kuna mambo ya gatini. Mabegi makubwa hukabidhiwa kabla ya safari na husubiriwa baada ya kushuka. Mwenye bidhaa alizonunua Zanzibar anapitia ukaguzi wa forodha, kwa sababu tofauti ya kodi kati ya pande mbili za Muungano bado inadaiwa bandarini, na suala hilo limekuwa kwenye orodha ya kero za Muungano kwa miaka mingi. Abiria wawili wa boti moja wanaweza kutoka nje wakipishana kwa nusu saa nzima. Kisha kuna bahari yenyewe. Upepo wa kusi huwa mkali kati ya Juni na Agosti, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi makubwa, safari huchelewa au kufutwa. Baada ya ajali za MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hakuna mwenye akili timamu atakayelalamika kwamba boti imezuiwa kuondoka. Ila mwekezaji wa biashara hii aone jambo moja: miezi ya kusi ndiyo pia miezi ambayo watalii wanafurika Zanzibar, kisiwa kilichopokea zaidi ya wageni 700,000 mwaka 2024. Hatari ya kuchelewa hupanda sambamba na mahitaji.

Sasa tufuate fedha. Mtalii aliyeko hotelini Nungwi au Paje huagiza gari kupitia hoteli, wakala wa utalii, au jukwaa la mtandaoni lenye makao nje ya nchi. Anayepokea agizo humpigia simu mtu wa Dar es Salaam, naye humpigia mwenye magari au dereva anayemfahamu. Kila mkono hukata chake, na kila mmoja amemwahidi aliye juu yake kwamba gari litakuwepo. Wa mwisho kabisa ni dereva, ambaye mara nyingi si mwenye gari: ana hesabu ya kupeleka kwa bosi kila jioni, au yuko kwenye mkataba wa kulilipia gari mpaka liwe lake. Hesabu ya bosi haijui kwamba boti imechelewa. Dereva anayekaa saa mbili bandarini amepoteza safari mbili au tatu za mjini, analipia maegesho, na akimfikisha mteja uwanjani huenda akarudi mtupu, kwa kuwa kubeba abiria kutoka uwanjani kuna utaratibu na vyama vyake. Malipo yake yalipangwa siku tatu nyuma, kwa safari, bila kutaja saa. Uhakika aliouuza wakala umegharimiwa na dereva. Ndiyo maana dereva huyo, akiona boti haijaonekana na simu ya mteja mwingine inaita, huondoka, na msafiri anayetoka na mabegi yake anakuta jina lake halimo mikononi mwa mtu yeyote.

Kuna waliodhani kwamba mvutano wa mwaka 2022 kati ya LATRA na kampuni za teksi mtandao ungeligusa tatizo hili. Mamlaka hiyo ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni hukata kwa dereva. Uber ikasimamisha huduma zake nchini Aprili mwaka huo, Bolt nayo ikapunguza zake Agosti, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarejea baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25, pamoja na ada ya oda ya asilimia 3. Ulikuwa mjadala muhimu, na madereva walikuwa na haki ya kuupigania. Lakini tazama ukubwa wake katika safari tunayoizungumzia. Kwa mfano wa nauli ya shilingi 40,000, tofauti ya kamisheni kati ya asilimia 15 na 25 ni shilingi 4,000. Kwa dereva aliyesubiri saa mbili, fedha hizo hazifidii hata nusu ya alichopoteza. Mjadala ulihusu mgawanyo wa bei ya mwendo, na hakuna aliyeuliza bei ya kusimama.

Pendekezo langu ni kwamba bei ya gari la kuagiza igawanywe mara mbili waziwazi: nauli ya safari, inayotofautiana kati ya asubuhi na jioni, na malipo ya kusubiri kwa kila nusu saa, ambayo yaende kwa dereva bila kupita kwenye makato ya wakala. Pingamizi la kwanza ni la udanganyifu: dereva atafika muda wake kisha adai amengoja tangu alfajiri. Lingekuwa pingamizi zito kwa safari ya kutoka nyumba ya mtu Sinza, ambako saa hazina shahidi. Bandarini shahidi ni boti. Saa iliyopangwa kufika imeandikwa kwenye ratiba, saa ambayo boti imefunga gatini inaonekana na mamia ya watu, na ni rahisi kukubaliana kwamba dakika 45 za kwanza baada ya kufunga ni za bure, kwa ajili ya mizigo na ukaguzi, na kwamba muda wa boti kuchelewa unahesabiwa kuanzia saa ya ratiba. Ni biashara chache zenye kipimo cha wazi namna hii, na inasikitisha kwamba hakitumiki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kwa nini msafiri abebe gharama ya boti iliyochelewa, ilhali si kosa lake? Si kosa la dereva pia, na leo yeye ndiye anayeibeba. Kati ya wote wanaoguswa, mwenye uwezo mkubwa wa kuipunguza gharama hiyo ni wakala, kwa kuwa ndiye anayemshauri mteja apande boti ipi kwa ndege ipi. Wakala anayemwambia mteja wa ndege ya saa 3 usiku kwamba boti ya alasiri inatosha amecheza kamari kwa fedha za watu wengine wawili. Akijua kwamba saa za kusubiri zinakatwa kwenye faida yake pale ushauri wake ulipokuwa mbaya, atashauri boti ya mchana. Tiketi ya ndege iliyopotea ni suala jingine. Hakuna dereva wala wakala mdogo atakayeweza kuilipa, na anayeahidi hivyo anadanganya. Kinachoweza kuahidiwa kwa haki ni gari lisiloondoka.

Wengine watasema haya yote ni kumbukumbu za zama zinazopita. Teksi mtandao unaiita ukiwa bado kwenye ngazi za boti, kwa bei ya chini; mradi wa mwendokasi awamu ya 3 unafuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto; na mwenye haraka hupanda ndege Unguja akawa Dar es Salaam kwa dakika 20 hivi. Yote ni kweli, na kwa mtu mwenye begi moja na saa tano mkononi sioni sababu ya kuagiza chochote. Lakini boti moja humwaga mamia ya watu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo programu hupandisha bei au magari hukosekana kabisa. Basi la mwendokasi halikuundwa kwa ajili ya familia ya watu sita na mabegi tisa, au mgonjwa anayepelekwa Mumbai kutibiwa. Wateja hao watabaki, na gari moja aina ya Noah lililopangwa vizuri linawatosha. Nauli ya ndege kwa watu sita ni hesabu nyingine.

Yaliyobaki ni madogo lakini yanagharimu. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za huduma za ndani kwa dola, na safari hii ni huduma ya ndani kwa kila hali, hata kama mteja ametoka Milano. Agizo lazima liseme jengo la abiria. Jengo la 3, lililofunguliwa Agosti 2019, ni la safari za kimataifa, lakini mtalii anayekwenda mbugani kwa ndege ndogo huenda akatakiwa Jengo la 1, lenye lango lake mbali na pale, na dereva aliyeambiwa tu "uwanja wa ndege" hulijua kosa lake begi likiwa limeshashushwa. Agizo liseme pia gati. Mgeni huandika kwa Kiingereza neno linalomaanisha kivuko, na kwa mtu wa Dar es Salaam "Feri" ni pale Kivukoni, penye pantoni ya Kigamboni na soko la samaki. Gari linalosubiri Feri wakati abiria amesimama Barabara ya Sokoine, mbele ya gati la boti za Zanzibar, lipo umbali mfupi tu, lakini katikati kuna foleni na simu isiyo na laini ya Tanzania. Nje ya lango la boti lenyewe hakuna sehemu iliyotengwa kwa magari yaliyoagizwa. Dereva mwenye karatasi ya jina la mteja anabanana na wapiga debe, wachukuzi na teksi za kijiweni, huku askari akimtaka aondoe gari barabarani. Nafasi kumi za kuegesha, zinazolipiwa kwa saa na kufunguliwa kwa anayeonyesha agizo la boti iliyo njiani, zingemwezesha akae pale alipoahidi kukaa.