Zimwi la hadithini na mteja wa Uvira

BUJUMBURA. Katika ngano za utotoni hakuna aliyeuliza kama zimwi lina mke, au kama mtoto wake anaumwa. Zimwi hula watu, basi. Shujaa akilikata kichwa hakuna kesi. Majini, ambao nao wanatisha, Waswahili waliwapa nafasi pana zaidi: wapo wema na wapo wabaya, wapo Waislamu na wapo makafiri. Zimwi halikubahatika hivyo.

Wazungu nao wana mazimwi yao. J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliwabuni maorki, jeshi zima la viumbe waovu ambao vijana wetu wamewaona kwenye filamu. Yeye mwenyewe, akiwa Mkatoliki, hakutulia. Barua zake zinaonyesha akihangaika na swali la kama taifa zima linaweza kuumbwa likiwa ovu bila njia ya kuokoka. Mwaka 1974 maorki hao waliingia katika mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji hukaa mezani na kujifanya mashujaa. Kitabu cha mchezo kiliorodhesha kila aina ya kiumbe na tabia yake, na orki aliandikiwa uovu. Ilipofika 2020 wachapishaji walitangaza kwamba maorki sasa wataonyeshwa kama watu wengine, wenye mema na mabaya yao.

Anayevuka Gatumba kila asubuhi na mzigo kichwani atasema hayo ni mambo ya watoto. Ningekubali, kama eneo hili la Maziwa Makuu lisingekuwa limewahi kuandikiwa kitabu cha namna hiyo. Mwaka 1863 John Hanning Speke, Mwingereza aliyetafuta chanzo cha mto Nile, alichapisha simulizi lake la safari. Humo alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa uzao wa wageni kutoka upande wa Ethiopia, bora kuliko waliowatawala. Ilikuwa dhana tu. Wakoloni, Wajerumani kisha Wabelgiji, waliifanya utaratibu wa kazi: nani asome, nani awe chifu. Huko Rwanda Wabelgiji waliandika kabila kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 redio ya RTLM ilikuwa ikiwaita Watutsi mende.

Burundi haina haja ya kukumbushwa. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 21, 1993, na mauaji yakaenea vilimani. Mwaka 1995, vita vikiendelea, shirika la Search for Common Ground lilifungua Studio Ijambo hapa Bujumbura, ambako waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja. Mwaka 1997 ukaanza mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia. Ulihusu nyumba mbili zilizopakana, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi.

Rwanda ilianza Musekeweya mwaka 2004, hadithi ya vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania ardhi. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwafuatilia wasikilizaji. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao kuhusu jirani, yaani kipi watu wa hapa wanakiona sawa na kipi aibu. Vikundi vilipopewa redio ya kaseti na betri, waliosikiliza Musekeweya walielekea zaidi kuzitumia kwa pamoja badala ya kumkabidhi kiongozi mmoja.

Mashariki ya Kongo mambo yalikwenda kombo kidogo, na hapa ndipo pa kutulia. Huko mchezo uliitwa Kumbuka Kesho. Maeneo mengine yalisikia mchezo peke yake, mengine yakaongezewa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Waliohimizwa walijadiliana kweli. Lakini walitoka na chuki zaidi, wakikumbushana madhara waliyotendewa, na walipoombwa kutoa chumvi kwa ajili ya kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu zaidi. Nimehudhuria warsha nyingi za ujirani mwema, zenye soda na posho, na tangu niliposoma matokeo hayo nimeanza kuzitilia shaka.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, miaka 15 baada ya Burundi. Biashara ya Gatumba na Kavimvira bado inaendeshwa kwa mali kauli: chukua leo, lipa Jumatano. Hapo kabila na uraia huhesabiwa kama dhamana.

Wiki iliyopita muuza ndagala mmoja wa Buyenzi aliniambia hawakopeshi tena watu wa Uvira, kwa sababu udanganyifu uko kwenye damu yao. Nikamwomba anisomee madeni yaliyopotea. Yalikuwa matatu. Moja la Uvira, mawili ya hapahapa mtaani kwake.

Nikamuuliza, mama, na hao wawili je? Alicheka, akasema hao shetani aliwapitia tu. Kisha akarudi kupima ndagala.